Mkate Uliofika Langoni

Kila mwaka, tangu miti ichanjwe mpaka mvua za kwanza, Plumi aliishi roho mkononi. Hapo kusini mwa kisiwa cha Kio mti wa mastiki ukikwaruzwa gome hutoa utomvu, ukadondoka kwenye udongo mweupe uliotandazwa chini yake na kuganda kama machozi. Machozi hayo yote yalikuwa ya Sultani. Wake zake huko Istanbul walikuwa wakiyatafuna ili midomo inukie, na mwanakijiji aliyekutwa akitoka nayo langoni alikatwa sikio. Hiyo si kodi, ni roho mbaya tu.

Plumi hakuzaliwa huko. Aliolewa kutoka kaskazini, kusikoota mti huo, na mwaka wake wa kwanza wa ndoa alimwona jirani yao akirudishwa nyumbani ameshikilia kitambaa kichwani, damu inamchuruzika mpaka kiunoni. Tangu hapo woga ulimwingia ukakaa. Wanawake walipokaa vibarazani kusafisha mastiki kwa ncha za visu, yeye alikunguta gauni lake mara tatu kabla hajainuka, akachokonoa na kucha.

"Plumi, unatafuta chawa?" walimcheka.

"Mwacheni," mama mkwe wake, Angeru, alikuwa akisema. "Wa kaskazini hao. Wamekua na mbuzi, hata kivuli chao kinawashtua."

Miaka ishirini ilipita hivyo. Kisha msimu mmoja, mavuno yakiwa yamepamba moto, msafiri alileta habari kwamba mama yake Plumi anatapika kila anachokula. Dawa ya tumbo la namna hiyo hakuna asiyeijua: mastiki, kidogo kila asubuhi. Ilikuwa imejaa makapu chumbani kwake, na hakuwa na ruhusa ya kumpelekea mama yake hata punje.

Kwa siku nne aliiba. Mara moja kisu kilimkata kidole. Siku ya tano alfajiri aliziponda punje zake, akazikandia ndani ya unga, akaoka mkate. Aliunusa mbele na nyuma. Hakusikia kitu ila ngano. Akamkaribia jirani mlangoni mkate ukiwa kapuni, akamsalimu, akazungumza naye makusudi. Jirani naye hakusikia kitu. Plumi akapumua.

Maskini, alisahau kwamba kijiji kizima kilinuka mastiki, nywele, mashuka, hata maziwa ya mbuzi, na pua za wenyeji zilikuwa zimekufa ganzi kwa harufu hiyo. Yake pia.

Angeru alisema atamsindikiza kaskazini. "Mkwe mwenzangu anaumwa, nikae hapa nifanye nini?" Hakujua lolote juu ya mkate.

Langoni palikuwa na mlinzi mpya, aliyeletwa kutoka bara juma lile lile. Alipofunua kapu alirudisha kichwa nyuma.

"Nini kinanukia hivi?"

"Mkate tu, bwana," Plumi alisema.

Mlinzi akaumega. Chembe nyeupe zikaonekana ndani, nyingine zimeyeyuka nusu.

"Nani kaoka?"

Plumi alitaka kusema. Alijua kabisa kwamba ni zamu yake kusema, na kwamba neno lenyewe ni fupi. Angeru aliutazama mkate, akamtazama mkwewe, na uso wake mzee ukatulia.

"Mimi," alisema. "Unashangaa nini, kijana? Uroho wa uzee. Huyu kanibebea kapu tu, hata hajui kilichomo."

"Bibi, unajua adhabu yake?"

"Nimekaa hapa tangu babu yako hajaoa. Usinifundishe."

Walimkata sikio kabla ya adhuhuri, chini ya mnara wa kijiji, watu wote wakiwa wameitwa watazame. Angeru alipiga ukelele mmoja tu.

Jioni Plumi alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, kwani dawa njema zaidi ya hapo ilikuwa chumbani kwenye makapu na hakuna aliyethubutu kuigusa. Alilia mpaka akashindwa kushika kitambaa.

"Mama, nisamehe. Nilitaka kusema. Wallahi nilikuwa nataka kusema."

"Nyamaza, mwanangu. Najua."

"Hujui, mama! Nilikuwa karibu kabisa…"

"Najua," alisema Angeru. "Nilikuona. Alipouliza nani kaoka, ulilifunika sikio lako kwa mkono."

Plumi hakuwa na habari kwamba mkono wake ulifanya hivyo. Aliutazama kama wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo hakuwaogopa tena walinzi. Alimwogopa Angeru, aliyeendelea kumpakulia chakula wa kwanza kila jioni, na asiligusie jambo lile tena mpaka anakufa.