Kisima Kisichotaka Kiswahili

Nilipokuwa mtoto Maskati, jambo moja lilininyima raha: nilitaka kujua jini wa kisima chetu anasema lugha gani. Nacheka nikiandika haya, lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua nyumba yetu ipate maji saa ngapi.

Tulikuwa tukikaa Wadi Kabir. Leo pale ni gereji na kelele za nyundo. Zamani zile ni mawe, mbuzi, vibanda vya makuti ya mtende, na kisima. Tulitoka Unguja baada ya mambo ya sitini na nne: baba, mama, Bibi mzaa baba, na mimi. Unguja tuliambiwa sisi Wamanga, Waarabu wa huku, turudi kwetu. Tukarudi. Huku tukaitwa Wazinjibari, tukaulizwa kwetu tutarudi lini. Nilikuwa na miaka tisa na hasira za mtu mzima, nikamuuliza Bibi, "Sasa hiyo kwetu imekwenda wapi?"

"Chambua mchele," akasema Bibi.

Desturi ya kisima ilikuwa rahisi. Alfajiri mwanamke huja akaweka mtungi wake kwenye mstari, kisha akarudi nyumbani kukanda unga. Mtungi unamshikia zamu, na hakuna anayeugusa wa mwenziwe. Isipokuwa debe letu. Tukiliweka mbele, tukirudi tunalikuta mkiani, limesukumwa kwa mguu. Wanawake walisema mwenye kisima, yaani jini aliyemo ndani, hapendi Kiswahili. Kikisemwa juu yake, maji huzama. Aliyeshikilia neno hilo ni Bi Shamsa, kizee mrefu ambaye watu walimwendea kila asubuhi kuuliza kisima kimeamkaje.

"Wazinjibari wachote mwisho, tena kimya," alisema. "Wenyewe wakishamaliza, kikikasirika na kikasirike."

Mwisho maana yake jua la utosi. Na Bibi yangu, aliyekuja na imani zake zote kutoka Unguja hata kama masanduku yaliachwa, hakuogopa kitu kama saa hiyo. "Hiyo ndiyo saa yao majini," akiniambia. "Usende kisimani jua la utosi, Salha. Utasikia usilotakiwa kusikia."

Kwa hiyo alikwenda mama, akisoma dua njia nzima, na kurudi na nusu debe la maji ya tope. Mama alikuwa mjamzito, na mimba imekua. Siku moja tulisikia debe likibingirika kwenye mawe, tukamkuta amekaa chini, midomo mikavu, hawezi kusimama. Bibi alimpepea kwa upindo wa kanga. Nilisema maneno ambayo mtoto hasemi mbele ya wakubwa, nikapigwa kofi moja la haki.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, nilichukua debe bila ya kuaga. Nilikuwa nimekata shauri kumuuliza jini mwenyewe. Nilitaka kujua, basi. Ikiwa ana chuki nasi aniambie sababu, niende nayo nyumbani.

Nilipokaribia niliona moshi wa ubani. Bi Shamsa alikuwa amechutama ukingoni peke yake, mbele yake chetezo, yai, na sahani ya halwa. Mjukuu wake alikuwa na homa siku kadhaa. Mtaa mzima ulijua. Alikuwa ameinamia shimo anasema nalo, na nilisimama pale nikisikiliza kwa muda kabla sijaelewa kwa nini naelewa.

"Mwenye kisima, pokea chako," alikuwa akisema. "Mtoto mdogo, hajakukosea. Nirejeshee, nakuomba. Mama yangu alikulisha, na mie nnakulisha."

Kiswahili. Tena Kiswahili cha watu wazima wa Pemba, safi, hakina hata chembe ya kubabaisha.

Debe likanigonga gotini. Akageuka. "Umesikia nini, binti?" akauliza kwa Kiarabu, kwa ukali.

"Nimesikia kila kitu," nikamjibu kwa Kiswahili.

Nilidhani atanipiga. Akafunika halwa na ushungi wake, kana kwamba nataka kuila. Kisha akasema, kwa lugha yangu, taratibu, "Mama yangu alikuwa mtu wa Pemba. Aliletwa hapa msichana kama weye, na hakuulizwa kama anataka. Wanangu hawajui. Nenda zako."

Nilimweleza Bibi yote, nikiruka kwa furaha. Tumempata! Bibi hakuruka.

"Watamwita mtumwa," akasema. "Na yule mjukuu mwenye homa naye watamwita hivyo hivyo. Neno hilo usilitoe."

"Lakini yeye anatuita wageni!"

"Anatuita. Na weye utamvua nguo mbele za watu ili upate debe la maji?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mpaka leo mie ni mtu wa kusema jambo lilivyo, na neno lile nililimeza kwa taabu. Lakini mama alikuwa amelala mkekani, miguu imevimba, na nilijua kwamba kwa siri au kwa dhahiri, yeye harudi tena kwenye lile jua.

Alfajiri niliweka debe mahali pake, na safari hii sikurudi nyumbani. Nilikaa juu yake. Zamu yangu ilipofika, mwanamke mmoja kijana, Zuwena, akanisukuma bega. "Nyuma wewe, Mzinjibari!"

Nikaishika kamba. Nikainama na kusema kwa sauti yangu yote, kwa Kiswahili, "Hodi, mwenye kisima! Nimekuja kuchota. Mama yangu ana kiu."

Mtu mmoja akasoma audhubillahi. Nikateremsha ndoo ya ngozi, na macho yote yakamwendea Bi Shamsa. Neno lake moja tu, na pale tusingechota tena, si mwanzo wala mwisho. Nami nilimtazama. Kisha nikaivuta kamba.

Ndoo ikapanda imejaa, inamwagika.

Bi Shamsa akasogea ukingoni, akaangalia chini. "Maji hayajashuka," akasema kwa Kiarabu.

"Lakini wewe mwenyewe ulisema—" akaanza Zuwena.

"Nilisema. Sasa kisima kimemsikia na kimempa. Nani hapa mkubwa kuliko kisima? Aliyeweka chombo mwanzo achote mwanzo."

Akajitwika mtungi wake akaenda, hakunitazama. Debe letu halikusukumwa tena. Ndugu yangu alipozaliwa, maji ya kumkogesha yalikuwamo ndani, yametulia, yamechotwa asubuhi.

Mie sikupelekwa skuli. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa makaratasi yaliyofungiwa dengu, na labda ndiyo maana mambo ya kuzunguka hayanikai. Kwa miaka mingi lilinichoma kwamba zamu yetu ilipita kwa ruhusa ya jini. Hakuna aliyesimama kusema hawa ni watu, wana kiu, basi. Bi Shamsa angeweza kusema. Lakini angeulizwa sisi tunamhusu nini, na nyuma ya jibu lile wamesimama wanawe wote. Baada ya mwaka wa sabini, milango ilipofunguliwa, jamaa zetu wa Unguja walikuja Maskati kwa wingi, Kiswahili kikasikika mtaa wa Hamriya madukani kama nyumbani. Yeye, kila tulipokutana, alinisalimu kwa Kiarabu, nami nikamjibu kwa Kiarabu.

Kisima kimefukiwa. Nikipita pale namfikiria yule msichana wa Pemba, mama yake Bi Shamsa, ambaye hata jina lake sikulijua, ameinama ukingoni akiliambia shimo maneno ambayo hakuwa na mwengine wa kumwambia. Sisi tulipofika na debe letu, jini alikuwa ameshakijua Kiswahili zamani.