Viazi Havipo

Fundi wa tovuti ya ushirika wetu wa mbegu huku milimani huongea na kompyuta kama anayembembeleza punda, na kila akibonyeza kitufe hutupa mdomoni punje moja ya mahindi ya kukaanga. Jana zilikaribia kumwishia. Msimu wa kupanda umefika, wanunuzi wanachagua "Viazi", na tovuti inawajibu hakuna, hali ghala nyuma yake limejaa. "Sielewi, mkubwa," aliiambia kompyuta, akikuna sikio kwa kalamu. Mama Saturnina, mwenye nusu ya mbegu zile, akachungulia.

"Nani kakwambia tuliandika viazi? Mimi niliandika Kiliza-mkwe, Wayo-wa-puma, kila kimoja na jina lake."

"Lakini vyote viko chini ya viazi, mama."

"Basi umemwita mama mtu peke yake. Mwite na wanawe, na wajukuu."

Fundi akaacha kutafuna. Akaongeza mstari mmoja, na aina mia nne za viazi zikajaa kwenye kioo. Alizitazama kama mgeni aliyepotea njia.

"Kwetu jijini Lima," akasema polepole, "kiazi ni kiazi tu."

Mama Saturnina akamshika bega. "Pole, mwanangu."