Mtandao wa Nyuma ya Jiko

Unateremsha lile pazia la juu ya skrini kwa kidole, unagusa palipoandikwa hotspot, halafu unasubiri. Hakuna kinachoonekana. Simu inapata joto kidogo tu mkononi, na wewe umesimama kwenye ukungu umeshika kitu ambacho ukikitazama hakifanyi lolote. Mara chini yake yanatokea maneno: kifaa kimoja kimeunganishwa. Msimu ule wa baridi, maneno hayo yalinitosha kujua kwamba baba mkwe ameketi, amevaa miwani yake, na yuko tayari.

Nilizaliwa Igowole, Mufindi, ambako ukungu huingia hadi jikoni na kukaa nanyi motoni. Nilipoolewa nilipandia basi Nyololo, barabara kuu, nikiwa nimefunikwa blanketi la mama yangu. Tukateremka kuelekea Usangu, joto likaanza, watu wakavua masweta, na karibu na njia ya kwenda Rujewa usingizi ukanichukua huku nikitazama majaruba ya mpunga yakimeta maji. Mbeya nilibadili gari nikiwa nusu macho. Nilipozinduka tulikuwa tunapanda tena, baridi imerudi, ukungu umerudi, chai imetanda kilimani huku na huku. Nikadhani dereva amegeuza na kunirudisha kwetu. Kumbe ndiyo tulikuwa tunaikaribia Tukuyu. Mpaka leo nikisinzia huwa sina hakika ni kilima cha wapi ninachokiona, na wala sijisumbui kuhakikisha.

Ukungu ulikuwa uleule, lakini watu walikuwa wengine. Kwa ndugu za mume wangu, Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawaongei, na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako kisimani. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, nawe unazunguka migombani mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima, na mara nyingi anayekwepa zaidi ni mzee mwenyewe. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Nimeona wakwe wakila meza moja na kupiga picha wamekumbatiana mabega. Nyumba niliyoolewa mimi haikuwa na haraka hiyo. Zaidi ya mwaka nilimjua baba mkwe kwa kikohozi chake, kwa mgongo wa koti lake, kwa kofia iliyokuwa ikielea juu ya majani ya migomba asubuhi. Mwanzoni iliniudhi sana. Mimi ni mtu wa maneno. Kwetu hata mgeni wa njiani tunamhoji mpaka tujue ukoo wa bibi yake. Nikawa namwambia mume wangu kwamba ameniolea kwenye nyumba yenye mzimu anayekohoa. Alicheka, kisha akaniambia nisiseme hivyo mbele ya mama.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akituchukulia maneno. Nikipika, yeye alipeleka sahani. Mzee akipenda chakula alimwambia yeye, naye akapaza sauti kutoka sebuleni hadi jiko la nje: "Mkwe wako anasema ndaga!" Ndaga ndiyo asante yao. Sauti yenyewe jamani haikuhitaji kupazwa. Kanisani aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na akiwa bondeni anachota maji ungeweza kufuata wimbo wake ubeti kwa ubeti ukiwa kitandani. Ndivyo nilivyozoea kuamka kule, kwa sauti ya mtu nisiyemwona, kabla sijakumbuka niko wapi.

Lakini shingoni alikuwa na rovu, lile tezi ambalo wanawake wengi wa milimani wamezeeka nalo. Alilifunika kwa kitambaa miaka yote na hakuna aliyelitaja. Mwaka ule likaanza kumbana pumzi. Akilala chali anakoroma kwa shida, akipanda kilima anasimama njiani. Daktari mjini Mbeya akasema lazima likatwe, na akasema pia kwamba pembeni yake inapita mishipa ya sauti. Sauti ingeweza kubaki, ingeweza kukwaruza, ingeweza kuondoka. Mama mkwe aliturudishia habari hiyo jikoni huku akichambua maharage, kana kwamba anazungumzia sauti ya jirani. Mzee alikuwa kizingitini upande wa pili, akasikia. Nilisikia fimbo yake ikiondoka kuelekea zizini, na alikaa na ng'ombe mpaka jua likazama.

Mume wangu akampeleka mama yake hospitali. Mzee nyonga ilimkataza safari ya gari, kwa hiyo tulibaki wawili katika ua ule, mimi na yeye, watu wasioonana. Chakula nilikiweka juu ya meza ya barazani, nikagonga kifuniko cha sufuria, nikaondoka. Vyombo nilivikuta vimerudishwa palepale, vimefunikwa kwa kitambaa.

Shida ilikuwa moja tu: angemsikiaje mkewe? Masikio yake yalikuwa yamechoka. Kwenye kitochi chake, kile kisimu kidogo cha vitufe, alisikia mlio wa nyuki tu. Kitu alichoweza kukisikia ni kile kishikwambi alicholetewa na mume wangu kwa ajili ya kuangalia kwaya, kina spika kubwa na sura za watu zinaonekana, ila hakina mahali pa kuweka laini. Laini na bando vilikuwa kwangu. Mume wangu kabla ya kuondoka alikiunganisha kishikwambi na simu yangu, akamwachia mama yake ile simu yake nyingine kubwa ya kupigia akiwa wodini, akanielekeza: "Jioni, wageni wakishatolewa wodini, mama atapiga. We washa hotspot tu."

Hotspot tu! Kwenye ua ule mtandao ulishika nyuma ya jiko, na hata hapo ulikuwa unahamahama na ukungu. Ukiiacha simu juu ya dirisha unapotea. Ukiishika juu ya kichwa na kugeuka kidogo kuelekea kilimani unarudi. Kwa hiyo jioni ya kwanza nilisimama pale, mkono juu, nikaona kifaa kimeunganishwa, nikasikia sauti ya mama mkwe ikitokea sebuleni, halafu ikakatika. Nilikuwa mbali mno na sebule. Nikasogea taratibu kuelekea ukutani ili nimfikishie mtandao.

Mzee akaona kivuli changu dirishani. Kwa adabu zake zote akadhani mkwe anapita, akanyanyuka na kishikwambi chake akaenda chumba cha upande wa pili. Simu ikaandika hakuna kilichounganishwa. Nikazunguka nyumba kumfuata. Ikaunganishwa. Akakiona kivuli tena, akarudi sebuleni. Nikazunguka tena, miguu imelowa umande, mkono umekufa ganzi, nikimnyanyulia simu mtu anayenikimbia kwa heshima. Sijui tungezunguka mpaka saa ngapi kama kishikwambi hakingepata mtandao kwa kitambo kifupi, na mama mkwe akasikia vishindo vya huku na huku akaelewa.

"We mzee, kaa chini!" sauti yake ikajaa nyumba nzima. "Mkwe wako anakuletea mtandao, unamkimbia nini?"

Kisha akacheka, kicheko kirefu, mpaka nikasikia wagonjwa wenzake wakiuliza kuna nini. Nami nilicheka nimejibana ukutani na khanga mdomoni. Mzee hakucheka, lakini alikaa.

Baada ya hapo tukapata utaratibu bila kuupanga. Yeye alikaa kwenye kiti chini ya dirisha la chumbani, upande wa jiko, pazia limeshushwa. Mimi nilisimama nje, mgongo kwenye dirisha, uso migombani. Mtandao ukikatika aligonga fremu kwa fimbo, nami nikainua simu zaidi. Waliongea Kinyakyusa, na Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuokotaokota. Lakini mtu akisimama kwenye baridi bila la kufanya, lugha humwingia. Jua lilikuwa likitua nyuma ya ukungu bila kuonekana, mwanga unakuwa wa maziwa, kisha wa majivu, na migomba ikaanza kupoteza kingo zake. Nilikuwa nasahau kwamba nina mikono. Ilinijia mara nyingi kwamba sauti zile zinapita mwilini mwangu, zinaingilia kiganjani na kutokea mgongoni, na nilikuwa naogopa hata kukohoa nisije nikaongeza neno langu katikati ya yao.

Jioni ya kuamkia upasuaji waliongea mambo ya nyumbani yakaisha. Nikatazama simu nikidhani mtandao umekatika, haukuwa umekatika.

"Sema tena," mzee akamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Mama mkwe akaanza. Akamwambia kuku mweusi anataka kuatamia, atengewe kiota stoo. Akamwambia chumvi ya ng'ombe iko kwenye debe la bluu. Akamwambia lile koti la kanisani lina tundu mfukoni, asiweke sadaka humo. Akaendelea hivyo bila wimbo, bila sala, sauti ileile ya kuamrisha watu jikoni. Nililia. Sioni haya kusema, nililia nikiwa nimeinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, na niliomba Mungu asimruhusu amalize vitu vya kutaja.

Kesho yake mchana mume wangu alinitumia ujumbe: ametoka salama, anapumua vizuri, asisumbuliwe kwa siku chache. Nikaweka chakula barazani, na kwa kuwa sikuweza kumwambia mzee, nikamwomba mama jirani aje amwambie. Alirudi akanieleza kwamba mzee alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Kisha ikafika jioni ambayo mama mkwe alipiga mwenyewe. Nilikuwa tayari nimesimama. Kifaa kimoja kikaunganishwa, nikasikia mzee anasalimia kwa nguvu, akasalimia tena, halafu fimbo ikagonga fremu. Nikainua simu. Ikagonga. Nikatazama: mtandao ulikuwa umejaa, sijawahi kuuona umejaa namna ile. Nikasogea hadi bega likagusa dirisha. Ikagonga, ikagonga.

"Mtandao," mzee akawa anaiambia hewa, kwa vile mimi hakuweza kuniambia. "Mtandao haupo. Namwona, midomo inatembea, mtandao hauleti sauti."

Nikasikiliza. Sauti ilikuwepo. Ilitoka kwenye spika, ndogo, kavu, pumzi tupu iliyokatwa maneno. Masikio yangu yaliipata kupitia pazia. Yake yasingeipata hata akikibandika kishikwambi shavuni. Mtandao ulikuwa umeleta kila kitu kilichokuwepo.

"Mwanangu," ile pumzi ikasema, na nikajua inaniita mimi. "Upo hapo nje? Hanisikii. Msemee."

Sikuweza. Zaidi ya mwaka nilikuwa nimefundishwa kuondoka njiani kwa mtu huyu, kuzima kicheko anapopita, kumeza jina lake, na heshima niliyoianza kwa kununa ilikuwa imenikolea bila mimi kujua. Kumsemesha ilikuwa kama kuingia chumbani kwake na viatu. Fimbo ikaendelea kugonga, polepole sasa, na kila pigo nilimsikia mzee akijaribu kutofikiri alilokuwa anafikiri.

"Msemee," pumzi ikarudia. "Muulize kama amekula."

Nikageuza uso zaidi kwenye migomba, nikafumba macho, nikasema. Nilisema kwa Kinyakyusa chenye lafudhi ya Kihehe cha kwetu, kwa sauti iliyonitoka juu kuliko nilivyokusudia:

"Anakuuliza umekula?"

Fimbo ikaacha kugonga. Nikawaza kwamba nimemvunjia adabu ya maisha yake yote, kwamba sasa atanyanyuka aondoke, na safari hii sitaweza kumfuata. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa paa hadi begani kwangu na sikuthubutu kusogea.

"Mwambie nimekula," akasema hatimaye, ingawa mkewe alikuwa anamsikia mwenyewe. "Mwambie kuku mweusi yuko stoo, nimemtengea."

Pumzi ikasema kitu. Nikakisema. Akajibu. Ikasema kingine, nikakisema, na baadaye sikuwa nangoja tena kuogopa. Maneno yalikuja madogo na kutoka kwangu yakiwa mazima, mambo ya chumvi, ya dawa, ya uji wa hospitali usio na sukari. Mama mkwe alipocheka ilikuwa pumzi tu ikipanda na kushuka, na nikakwama, sikujua mtu anacheka vipi kwa niaba ya mwingine. Nikasema, "Anacheka." Mzee akasema ameona.

Giza likaingia. Mama mkwe alichoka, nikamsemea kwaheri yake. Kwenye simu maneno yakabadilika: hakuna kifaa kilichounganishwa. Nikashusha mkono na kuanza kuondoka kwa kunyata, kama kawaida yangu, kuelekea jikoni.

Nyuma ya pazia mzee akakohoa. Nikasimama ili nimpishe, lakini hakuwa anapita. Safari hii alisema kwa Kiswahili, taratibu, lugha ambayo nyumbani mle ilisemwa kwa ajili yangu tu.

"Na wewe mkwe, umekula?"

"Bado, baba," nikasema.