Kamati ya Bustani ya Mama Nalianya

Mimi ndiye niliyemchongea Khalayi kwa mwenyekiti. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa watu, maana mtaa wetu wa Mbotela una midomo, na wangu haukuwa mdogo kuliko ya wengine.

Ilikuwa themanini na nne, mwaka ambao mvua ilitugeuzia kisogo. Tulikula ugali wa unga wa manjano wa msaada, na safu zetu tano za nyumba ziligawana bomba moja lililofunguliwa kwa saa mbili tu kila asubuhi. Ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa Mzee Thuo, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Alikuwa amestaafu ukarani katika ghala moja la Industrial Area, na alipenda sheria kuliko chai. Kila nyumba ilipewa mitungi miwili, kisha kadi yake ikatiwa alama. Mwezi wa tano akatangaza jambo jingine: atakayemwagilia mboga, kwa maji ya aina yoyote ile, bustani yake itang'olewa na kadi yake itachanwa.

Tukatii. Mboga yangu ya terere ikakauka ikawa kama tumbaku. Nilikuwa mshonaji, nimekaa na cherehani yangu dirishani kutwa, na kutoka pale niliona bustani zote za safu yetu zikifa moja baada ya nyingine. Ila ya jirani yangu Khalayi. Sukuma wiki ya Khalayi ilisimama kijani, majani mapana, inang'aa kama imepakwa mafuta. Ilinitia hasira, siwezi kudanganya.

Khalayi, ambaye wote tulimwita Mama Nalianya, alitoka upande wa Bungoma. Mumewe Wasike alihamishiwa kazi Kisumu na shirika la reli, akamwachia watoto watatu na kipande cha udongo kisichozidi vitanda vitatu vya mboga. Kazi yake ilikuwa kufagia wodi ya wazazi katika hospitali moja mjini. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kupendeza, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya maneno. Kwao, alikuwa akisema, mwanamke mwenye udongo mlangoni akienda sokoni kununua mboga, amejitukana mwenyewe mbele ya mama mkwe. Bustani ile ilikuwa heshima yake, na pia ilikuwa chakula cha watoto wake, kwa kuwa ugali wa manjano bila mboga haumezeki.

Katika bustani hiyo alisimamisha sanamu sita za kutishia ndege, zilizovalishwa makoti na suruali kuukuu alizookota kwenye mnada wa kanisa. Sanamu tu zingetosha, lakini Khalayi hakuwa mtu wa kuachia hapo. Alizipa vyeo. Mrefu kuliko wote aliitwa Mwenyekiti, mwenye kofia alikuwa Katibu, na mnene aliyejazwa magunia alikuwa Mweka Hazina. Waliobaki walikuwa wajumbe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alijifunga leso, akatoka, akawasalimu mmoja mmoja kwa sauti ya kusikika hadi bombani.

"Habari ya asubuhi, Mwenyekiti? Umelala vizuri? Hebu nikufunge vifungo, baridi itakuua."

Kisha alimkumbatia, akashughulika ndani ya koti kwa muda, akahamia kwa Katibu. Watu walikufa kwa kicheko. Mzee Thuo hakucheka. Alipita akitazama mbele na tai yake imekaza shingo.

Nilipomwuliza siri ya mboga zake, alinitazama machoni, uso mkavu.

"Mama Lydiah, mimi nina kamati inayofanya kazi," alisema.

Basi nikaenda kwa Mzee Thuo. Nikamwambia yule mama anaiba maji, sijui wapi, lakini mboga haziishi kwa salamu. Mzee alifurahi mno. Alileta kiti nyumbani kwangu, akaketi nyuma ya pazia langu na daftari, na kwa siku nne tukamchunga Khalayi mimi na yeye. Asubuhi alichota mitungi yake miwili. Hakuongeza hata kikombe. Hakuonekana na ndoo wala karai bustanini. Aliosha vyombo ndani, akakumbatia sanamu zake, akaenda kazini. Jioni akarudi, akachuma mboga, akaimba. Mzee alikunywa chai yangu yote ya wiki na daftari likabaki na tarehe peke yake.

Siku ya tano, Jumamosi, uvumilivu ulimwisha. "Mboga ni ushahidi wa kutosha," alisema, akachukua jembe. Habari ikatangulia mbele yake, na alipofika kwa Khalayi safu nzima ilikuwa imejaa pale. Nami nilikuwepo, nimejificha nyuma ya migongo ya watu. Khalayi alitoka mlangoni na mikono imelowa. Kwa mara ya kwanza sikuona kicheko usoni mwake.

"Mama Nalianya, kadi yako," Mzee akasema.

"Mzee, nimekosa nini?"

"Haya majani yamekuwa hivi na nini?"

"Yana bahati."

"Bahati nitaing'oa sasa hivi."

Akapanda kwenye kitanda cha mboga, akainua jembe. Ili apate nafasi ya kulishusha, akamsukuma Mwenyekiti pembeni kwa bega. Hapo akasimama. Akalitazama lile koti kwa karibu, la kijivu, lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko.

"Hili ni koti langu," alisema polepole. "Koti langu la harusi!"

Nyuma ya watu, mkewe Mirriam alikohoa. Watu wakaanza kucheka, na Mzee akalishika koti kwa kola alivue. Sanamu ikainama. Kutoka mguu wa kushoto wa suruali yakadondoka matone, to, to, to, juu ya kiatu chake.

"Mwenyekiti amejikojolea!" mtu akapiga kelele.

Sijawahi kusikia Mbotela ikicheka vile. Wengine walikaa chini. Mzee akafungua koti kwa hasira, na sote tukaona: ndani ya kifua cha sanamu zilining'inia chupa nne za dripu ya hospitali, kichwa chini, kila moja na mpira wake mwembamba. Mipira miwili ilipita katika mikono, miwili katika miguu, ikaishia kwenye mashina ya sukuma, chini ya vipande vya gunia.

Khalayi akaona hakuna tena la kuficha. Akaeleza. Chupa hizo zilikuwa za kutupwa, zilizokuwa na maji ya chumvi na sukari tu, si za damu, na sista wa wodi alimruhusu kuzichukua. Alizichemsha. Maji yake yalikuwa yale aliyosuuzia vyombo na kuoshea mchele, akiyachuja kwa kitambaa ili mipira isizibe. Chupa zilizojaa alizitoa ndani chini ya leso, wakati wa salamu.

"Wodini nimeona mtu asiyeweza hata kufungua macho akiamshwa na tone moja moja," alisema. "Nikasema, na sukuma je? Ukimwaga kwa karai, nusu inanywewa na jua na nusu inanywewa na magugu. Hii inakwenda kwenye mzizi tu. Chupa zangu zote hazijazi debe moja, Mzee. Pima."

"Nilisema maji ya aina yoyote," Mzee akajibu. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Nadhani angesamehe maji, lakini kicheko hakukisamehe. Akainua jembe tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Khalayi alikuwa akilia waziwazi, anajifuta kwa leso, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Baba Johnson." Ilikuwa sauti ya Mirriam. Alipita katikati ya watu, mama mtulivu ambaye hata kanisani aliomba kwa kunong'ona. "Ukishamaliza kung'oa, usiniulize jioni nimepika nini."

"Wewe unanunua sokoni Kariobangi."

"Tangu mwezi wa tano sijafika Kariobangi. Huyu ananipitishia mboga kwenye ua, kila siku ya pili, na hajawahi kutaka hata asante. Mboga ulizokula jana ukaomba ya kuongeza ni hizi hapa."

Mzee alibaki na jembe hewani. Alimtazama mkewe, akaitazama sukuma, na nikaona tumbo lake likikumbuka. Ndipo na mimi nikajikuta nimesema, "Mwenyekiti, ni mimi niliyekosea. Hakuiba." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Khalayi aligeuka akanitazama, na mtazamo ule niliulipia kwa kuwashonea watoto wake nguo za Krismasi.

Jembe likashuka taratibu, likalala chini. Kisha Mzee akachuchumaa mbele ya sanamu, magoti yakilia, akashika mpira mmoja kwa vidole viwili na kukigusa kigurudumu chake kinachobana maji.

"Hii inatakiwa kwenda matone mangapi kwa dakika?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kumi, Mzee."

Akavuta mkono wa shati, akatazama saa yake, na midomo ikaanza kuhesabu. Watu wote tukasogea kuona, hadi dakika ikaisha.

"Kumi na nne," alisema kwa ukali. "Mama Nalianya, unapoteza maji."