Siku Ndege Ilipoelekea Lushoto

Mama yangu hasalimii, anakagua. Kwetu Lushoto watu wote husalimiana kwa kirefu, lakini yeye amezidi. Akipiga simu anaanza kwa Kishambaa, kimoja kimoja: umelalaje, umekula nini, mafua yameisha, kazini hawakusumbui. Ukimjibu "nzuri" harakaharaka anasimama papo hapo. "Nimekuuliza usingizi. Nzuri ya wapi?" Nilipokuwa msichana nilikuwa naona aibu akiwafanyia watu hivyo sokoni Soni, foleni ya wanunuzi ikisubiri karoti. Sasa mimi ni rubani msaidizi, na nimegundua kwamba hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Kabla ya kuruka, kapteni huingiza njia kwenye kompyuta ya ndege. Njia yenyewe ni mfululizo wa vituo vya angani visivyo na jengo wala nguzo, majina matupu ya herufi tano yasiyo na maana katika lugha yoyote. Akimaliza, mmoja anasoma majina kwenye karatasi, mwingine anayatazama kwenye skrini, na kila jina linajibiwa "sawa". Ubaya wa "sawa" ni uleule wa "nzuri". Mdomo umeizoea, inatoka yenyewe kabla jicho halijafika.

Ukitoka Dar kwenda Kilimanjaro, milima ya Usambara hukaa kulia, na kulia ndiko ninakokaa mimi. Siku ya anga safi nauona msitu wa Magamba, mweusi kuliko vyote vinavyouzunguka, na chini yake mahali ninapojua kuna bati la mama. Bati lenyewe silioni. Naangalia tu, kisha narudi kazini. Wakati wa kurudi milima inahamia upande wa kapteni, na hata kuchungulia siwezi. Chuoni walitufundisha mambo mengi, lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kupita kwenu kila wiki bila kushuka. Likizo zangu zilikuwa zikisogezwa mbele kila mara, na nilikuwa sijafika nyumbani tangu mtoto wa dada yangu azaliwe. Mtoto huyo sasa alikuwa anavaa sare ya shule.

Siku ninayoikumbuka, wingu lilikuwa zito tangu pwani. Kwenye njia yetu kulikuwa na kituo ambacho jina lake lilitofautiana na la kituo kingine kwa herufi moja tu. Kapteni wangu, mtu makini ambaye hata chai huipimia sukari, aliingiza lile jingine. Nikasoma, akatazama, akasema sawa, nami nikaridhika na sawa yake. Kompyuta ikatii. Yenyewe haina tabia ya mama ya kuuliza mara ya pili.

Tulipotoka winguni nikauona Magamba, na haukuwa dirishani kwangu. Ulikuwa mbele yetu, katikati ya kioo, unatusubiri. Nilifurahi kabla sijashtuka, sioni sababu ya kulificha hilo. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kisha nikasema, "Kapteni, tunaenda Lushoto."

"Lushoto hakuna uwanja," akajibu, macho kwenye karatasi zake.

"Ndiyo maana nakuambia."

Akainua kichwa. Tuliwaambia waongozaji ndege kabla hawajatuuliza, tukageuza, tukayasoma majina yote upya, kidole juu ya kila herufi. Hatari haikuwepo, tulikuwa juu sana na anga ilikuwa tupu. Lakini ndege ilipogeuka, bawa la kushoto likalala, na safari hiyo nikakuona kwetu kupitia dirisha la kapteni: barabara inayopanda kutoka Soni, matuta ya kabichi, na bati moja linalong'aa ambalo niliamua ni letu. Kisha bawa likainuka, na kapteni na mimi tukaanza kupanga maelezo ya kuwaandikia wakubwa.

Jioni mama akapiga simu. Hakusalimia wala hakukagua. Nikajua jambo ni kubwa.

"Leo umepita juu ya nyumba!" alisema. "Nilikuwa naosha karoti, nikasikia mlio juu kabisa. Siku zote mnapita kule mbali, upande wa Mombo. Leo ukaona uje unisalimie."

"Mama, yale yalikuwa makosa."

"Makosa gani? Ya kupita kwenu?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Haya, utapita lini tena?"

"Tutaona," nikamjibu. Jibu bovu kuliko "nzuri" zote nilizowahi kumpa, na hilo hakulikagua. Alicheka, akanitakia usiku mwema.

Tangu hapo nasoma herufi kwa herufi, na makapteni wengine wananitania kwamba ninavisalimia vituo. Waache wacheke. Kinachoniuma ni kwamba kadiri ninavyoifanya kazi yangu vizuri, ndivyo ninavyozidi kumkwepa mama.

Likizo ilipopatikana sikumwambia nakuja, maana angeikagua safari nzima kwa simu. Nilishuka basi Mombo, nikapanda gari jingine la kupandisha milimani, na kile kipande cha mwisho nikakimaliza kwa miguu, nikinusa udongo uliotoka kunyeshewa. Mama alikuwa uani, amenipa mgongo, beseni la karoti miguuni. Alikuwa amekinga macho kwa kiganja chenye matope, anatazama juu. Mbali, upande wa Mombo, ndege ilikuwa inapita.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu bila kugeuka, akanyoosha mkono wa pili nyuma kunizuia. "Ngoja kwanza, mwanangu anapita."

Nikaweka begi chini, nikangoja.