Isipokuwa Mdoriani

Bwana Thuwaini, fundi saa wa Kiponda, alipotangaza barazani kwamba anahamia mlimani, watu walimuuliza mlima gani, maana Unguja ukitaka kutafuta mlima utachoka wewe kabla haujaonekana. Akataja kilima kimoja huko ndani, ukishaipita Kitope, pahala ambapo lami inakata tamaa na kukuachia njia ya ng'ombe. Kwa mtu wa bara hicho si mlima, ni tuta la viazi lililojitahidi. Lakini kwetu sisi, ukisimama pahala ukaona migongo ya kunguru, hapo ni mlimani, na asiyetaka aende zake.

Alikuwa na miaka sitini na mbili, na arubaini katika hiyo aliimaliza kwa kusikiliza. Saa mbovu haitazamwi, husikilizwa. Sasa Kiponda hasikii kitu. Kulia hoteli yenye ngoma juu ya dari, kushoto mchomelea vyuma, chini pikipiki, na ndani mkewe, Bi Tamima, ambaye Mola alimpa ulimi akasahau kumpa kituo. Ukutani zilining'inia saa kumi na moja ambazo wenyewe walizileta wakazisahau. "Nataka kabla sijafa nizisikie hizi zikipumua," ndiyo ilikuwa dua yake.

Nyumba aliuziwa na Msabah, mkulima mpole aliyekuwa na haraka ya kuhamia Bububu kwa binti yake. Kuta za mawe na udongo, bati jipya, kisima, choo cha nje, na upepo ambao mjini wangekutoza. Hati ikasomwa mbele ya sheha: nyumba, kisima, choo, minazi saba na mfenesi mmoja, isipokuwa mdoriani.

"Huo mdoriani una nini?" akauliza Bwana Thuwaini.

"Wa Bi Mwanamkasi," akajibu Msabah, macho kwenye viatu vyake. "Nyumba yako, mti wake. Ndivyo tulivyoukuta kwa wazee. Mti mmoja tu, bwana wee."

Bwana Thuwaini akacheka. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu yasiyoonekana mwisho. Yeye hajamiliki hata chungu cha mrehani, leo agombee mti mmoja? Akatia saini.

Kazi ikabaki kwa Bi Tamima, ambaye shamba alilijua kwa kwenda kuhani msiba tu.

"Ntazungumza na nani huko, na minazi?"

"Na mimi."

Bi Tamima alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akatoa hukumu: "Nenda, tengeneza. Mwezi ujao ukiingia, Alkhamisi ya mwanzo nnakuja kutazama. Siku moja. Nikiipenda, nahama. Nisipoipenda, unaiuza, tunarudi zetu kwenye ngoma, na sitaki kusikia tena jina la mlima ndani ya nyumba hii."

"Naam," akasema Bwana Thuwaini, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

Wiki ya kwanza ilikuwa pepo. Alizitundika saa zake zote kumi na moja, akakaa katikati yao, akazisikia zikipumua. Machozi yalimlengalenga. Wiki ya pili msimu wa doriani ukaanza.

Asubuhi alifungua dirisha akakuta bibi wa miaka sabini na kitu ameketi uani kwake juu ya mkeka, chupa ya chai ubavuni, na kichwani, juu ya mtandio, amevaa helmeti ya bodaboda.

"Shikamoo, bibi," akasema Bwana Thuwaini, kwa sababu adabu hutangulia mshangao.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Bwana Saa? Mie Mwanamkasi. Usijisumbue, chai nnayo."

Doriani, kwa asiyejua, ni tunda zito la miba, wala halichumwi. Hungojewa lianguke lenyewe, nalo huanguka saa likitaka, na usipokuwepo huliwa na komba au na jirani, na jirani ana meno zaidi. Kwa hiyo Bi Mwanamkasi alingoja. Na kungoja kwake hakukuwa kwa kimya. Alisimulia ndoa zake tatu, talaka mbili, maradhi ya mbuzi wake na tabia za kila mtu aliyewahi kupita njia ile. Likianguka moja, kishindo. Likianguka juu ya bati, kiama. Na harufu! Ilikaa ndani kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Niuzie mti huu, Bi Mwanamkasi," siku moja akamwomba.

"Kitovu changu kimezikwa chini yake. Utakinunua na kitovu?"

"Basi ngoja kimyakimya."

"Doriani likikuangukia kichwani bila mtu wa kukwambia 'jihadhari', utakipata hicho kimya unachokitaka."

Alkhamisi ikawa inakaribia. Bwana Thuwaini alijua wazi: mkewe akikuta harufu ile na bibi yule mwenye helmeti, nyumba haina maisha. Basi fundi akatengeneza uwongo, na uwongo wenyewe aliutia mafuta mpaka ukaenda bila kukwaruza.

"Bi Mwanamkasi, nimesikia huko sokoni Darajani madoriani yameadimika. Alkhamisi asubuhi watu watayagombania. Ungechukua gunia lako ukauze mwenyewe, ukashinda huko mpaka alasiri."

Bi Mwanamkasi alimtazama kwa muda, kama mtu anayebonyeza embe. "Kumbe una huruma wewe," akasema.

Alkhamisi akaondoka na gunia. Bwana Thuwaini akafagia uwanja, akafukiza udi chumba kwa chumba mpaka saa zake zikaonekana kama zimo kwenye harusi. Simu hakuishughulikia; mtandao kilimani pale hupatikana ukisimama juu ya kinu tu, naye hakuwa na nafasi ya kupanda kinu. Angepanda, angeona mkewe ameshapiga mara sita.

Kwa sababu, jamani, kumficha mtu Darajani ni sawa na kumficha ngamia msikitini. Mtu wa mjini anayekwenda shamba atapita wapi kama si pale, tena mwanamke asiyeamini kwamba shamba kuna samaki?

Saa tano gari la kukodi likapanda kilima likikohoa. Mlango ukafunguliwa. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa helmeti.

Akafuata Bi Tamima, ana kapu la samaki mkono mmoja, doriani mkono wa pili, na kicheko hakijamaliza.

"Thuwaini! Nimekwenda kununua samaki changu, nikaona bibi kavaa helmeti anauza doriani. Nikamuuliza, vita viko wapi? Kanambia, kwa Bwana Saa!"

"Tumeshafahamiana," akasema Bi Mwanamkasi. "Njia nzima nimemweleza habari zako."

"Zipi?" Bwana Thuwaini akauliza kwa sauti nyembamba.

"Kwamba una huruma."

Bi Tamima hakuingia ndani kutazama kuta. Hakutazama kisima. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akapasua doriani, na wanawake wale wawili wakaanza pale walipoachia garini, kwenye talaka ya pili. Ilipoadhiniwa adhuhuri ndipo akakumbuka kuwa na mume.

"Nilidhani umeninunulia kaburi," akamwambia. "Kumbe kuna mtu! Ungenambia toka mwanzo yupo, ningehama nawe siku ile ile. Jumamosi nahamisha vyombo. Na mie nitafutie helmeti."

Basi Bwana Thuwaini kaipata nyumba yake. Ukimtembelea leo utamkuta dirishani, miwani ya ufundi jichoni, saa kumi na moja ukutani asisikie hata moja. Uani helmeti mbili, moja nyekundu moja nyeusi, zinazungumza kwa pamoja na kusikilizana vilevile, jambo ambalo fundi yeyote hawezi kulieleza.

Ila doriani likianguka juu ya bati, wote wawili hunyamaza. Hapo Bwana Thuwaini hufumba macho na kuhesabu. Kwa kawaida hupata sekunde nne. Siku moja, doriani lilikuwa kubwa sana, alipata sita.

Halafu sauti ya mkewe: "Bi Mwanamkasi, hilo limeanguka juu ya bati letu. Ni la nani?"

"Langu! Soma hati yako!"