Ukelele wa Mama Kwenye Filamu ya Kiitaliano

Jumamosi nilikwenda sinema hapa Toronto kutazama filamu ya zamani ya kutisha ya Kiitaliano. Muuaji mwenye glavu nyeusi alipomfikia mwigizaji, ukatoka ukelele uliotusimamisha nywele. Mama wa Kitanzania aliyekaa kando yangu akamshika bintiye mkono, akamnong'oneza:

"Sauti hiyo ni yangu. Nilikuwa nasoma Roma. Sauti waliziingiza baadaye studio, na yule dada hakuweza kupiga kelele, wakaniita mimi."

"Mbona hukutuambia?"

"Babu yenu alijua nasomea unesi tu."

Taa zilipowaka, binti akamweleza mwenye ukumbi. Mama akaombwa asimame. Akafumba macho, akapiga ukelele uleule. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

"Ndivyo alivyokuwa akituamsha twende shule," binti akaniambia.

Wapenzi wa filamu hizo husifu damu na muziki. Wangewauliza watoto wa mama huyu kuhusu ukelele.